Mbawakawa Asiyejijua

Kidimbwini aliishi buu wa mbawakawa, mlafi kupindukia. Alifyonza viluwiluwi hadi akashiba, akajizika topeni, akalala. Aliamka ana gamba gumu na mabawa, akajitazama asijielewe.

Aliporudi majini alimkuta Chura, kiluwiluwi pekee aliyepona.

“Ndugu mgeni,” alisema Chura, “namtafuta aliyewamaliza wenzangu. Ni mrefu, mlaini, ana taya kama koleo.”

Mbawakawa alijikagua, akazidi kuchanganyikiwa. “Sijamwona, ndugu yangu. Hana alama nyingine?”

“Akitaka kupumua hupanda juu, matako mbele.”

“Hana hata haya!” Mbawakawa alicheka mpaka pumzi ikamwishia, akakimbilia juu.

Matako yalitangulia.

“Kumbe ni mimi?” aliuliza, lakini Chura alikuwa ameshafungua mdomo.