Kioo cha Malaria

Hapa Ifakara hakuna mtoto anayekwenda shule kabla ya kusimama mbele ya kioo. Kila nyumba imepewa chake. Kinalinganisha upande wa kulia wa mwili na wa kushoto, na malaria ikianza kumpinda mtoto, hata kidogo kama unywele, kinaiona kabla homa haijapanda. Taa yake ikiwaka nyekundu, gari la hospitali linakuja kumchukua. Tangu vioo vije, mtaani kwetu hatujazika mtoto, kwa hiyo sivilaumu.

Mimi nilikua kabla ya vioo hivyo. Homa za utotoni ziliniachia sikio moja lililo chini ya lenzake, na mdomo unaopanda kushoto nikicheka.

Jana taa iliwaka nyekundu kwa binti yangu Tunu. Nikamgusa paji la uso, halina joto. Nikampima masikio kwa uzi wa cherehani, yako sawa.

“Mwanangu, unaumwa wapi?”

“Siumwi, mama.” Akacheka, na mdomo wake ukapanda kushoto. “Nacheka kama wewe. Nimejifunza mwenyewe.”

Kioo kikasema kwa ile sauti yake ya upole, “Usitabasamu. Simama tena.”

Tunu akanitazama, akingoja nimwambie atii. Tabasamu lilikuwa limeanza kumpotea usoni. Nikaitoa kanga begani, nikakifunika kioo.

“Hebu cheka tena,” nikamwambia, “nione.”

Gari lilipopiga honi nje, bado tulikuwa tunacheka.