Mti Ulioitikia Hodi

Palikuwa na wanyama watatu walioishi kwa kukata miti. Buku, panya mkubwa, alitafuna shina, na Tembo, nyapara wao, aliusukuma mti hadi ukaanguka. Kigong'ota aligonga tu kila mti kwa mdomo wake, akasikiliza.

"Wewe bwana, kutwa hodi, hodi!" Tembo alimdhihaki. "Nani akufungulie humo?"

"Naomba asinifungulie mtu, mzee," Kigong'ota alijibu. "Siku mti utakapoitikia, kimbieni."

Tembo alicheka, kisha akamfukuza kazi kwa uvivu.

Kesho yake walifika kwenye mvule mnene. Buku alikuwa amekwisha kujipenyeza kati ya mizizi, akitafuna, na Tembo ameegemeza kichwa chake, Kigong'ota aliporejea bila kuitwa na kugonga. Ndani ya mti ilisikika sauti nzito, kama ya ngoma.

"Umeitikia! Toka, Buku!"

Buku alichomoka mbio. Papo hapo mvule ule, ambao ndani ulikuwa mtupu, ulipasuka na kuporomokea pale pale alipokuwa.

Tembo alimgeukia Kigong'ota. "Nilikufukuza, ndugu yangu. Mbona umerudi?"

"Ulinifukuza wewe, mzee. Buku hakunifukuza."

Tangu siku hiyo Tembo hagusi mti kabla haujabishiwa hodi. Mti ukinyamaza, nyapara huyo mwenye nguvu humwinamishia Kigong'ota kichwa na kusema, "Ahsante, bwana. Wenyewe hawapo, sasa tuanze kazi."