Ushuhuda wa Kuazima

Bibi alikuwa analia, na aliyemliza ni mimi, kwa maneno ya kuiba.

Ilikuwa siku ya sita ya mafunzo ya umisionari. Kila mwanafunzi alitakiwa kutoa ushuhuda wake kwa lugha mpya, mbele ya bibi wa jirani aliyejitolea kutusikiliza. Lugha yenyewe ilikuwa inanipiga chenga. Mimi na mwenzangu wa chumbani tulitaniana kwamba kwa lugha hiyo tunajua kuomba chumvi tu.

Asubuhi hiyo, mwenzangu akiwa bafuni, nilifungua daftari lake nikakariri ushuhuda wake, alioandika kwa lugha hiyo: mama aliyekatiwa tamaa na madaktari, mtoto aliyepiga magoti, mama akafumbua macho na kuomba maji. Yeye alipangiwa kesho yake. Sikujua kwamba hata wa kesho huketi nyuma kusikiliza.

Nilipomaliza kuutoa, bibi akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vya moto.

"Mjukuu wangu, binti yangu naye amelazwa. Mama yako aliomba maji siku ya ngapi?"

Daftarini hilo halikuandikwa.

"Ya tatu," sauti ikajibu nyuma yangu, taratibu.

Mwalimu akacheka, akamgeukia mwenzangu. "Kumbe wewe umeshaiva. Haya, toa ushuhuda wako leo leo."

Mwenzangu akasimama, daftari kwapani. Hakunitazama.

"Nisamehe, Mwalimu. Mimi najua kuomba chumvi tu."

Bibi alikuwa bado hajauachia mkono wangu.