Likizo ya Miguu ya Mwalimu Eustaki

Mwalimu Eustaki aliizunguka nyumba yake kwa mara ya thelathini na saba, buti mpya zikilia kwata kwata, huku mkewe Aurelia akimhesabia kutoka kibarazani.

"Thelathini na saba. Bado zinabana?"

"Zinaanza kunizoea," alisema mwalimu, akichechemea.

Ilikuwa Juni ya mwaka 1956, shule zimefungwa, na watu wa Ifakara walikuwa wakijiuliza mwalimu amepatwa na nini. Alikuwa ametangaza kwamba likizo yake ataitumia kutembea kwa miguu, wiki mbili nzima, kwa raha zake tu. Tamimu mwenye duka, alipokuwa akimpimia sukari ya safari, alimtazama kwa huruma.

"Umefiwa, mwalimu?"

"Sijafiwa."

"Basi unakwenda kwa mganga."

"Nakwenda kuiona nchi."

"Nchi hii hii?" Tamimu akamwongezea kijiko kimoja bila kuombwa.

Ukweli ni kwamba mwalimu alikuwa anakimbia. Siku kumi kabla, mwalimu akiwa ameinamia madaftari ya wanafunzi, Aurelia alimsomea barua kutoka Malinyi: mama mzazi wa Aurelia anakuja kwa mtumbwi, atashuka Kivukoni Jumamosi, na atakaa wiki mbili. Kalamu ilimdondoka mwalimu.

Kwao mwanamume na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja wala hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Mwaka uliopita mwalimu alitoka bafuni na taulo kiunoni, povu masikioni, anaimba, akagongana na bibi huyo ana kwa ana. Kikao kiliitwa, mbuzi akaliwa. Wazee wakamwonya kwamba kosa la pili halitaisha kwa mbuzi: Aurelia atarudi kwao, na mwalimu ataanza upya kumchumbia kama kijana. Mwalimu alimpenda mkewe kupita kiasi. Tena alikuwa na miaka arobaini na sita, na hata uchumba ule wa kwanza ulikuwa umemtoa jasho.

Ndipo likaja wazo la matembezi, na Aurelia hakulipinga hata kidogo. Alimsaidia kuchora ramani. Alimshauri aende Mahenge, milimani kwenye baridi nzuri, akafikie kwa rafiki yake Polikarpo, seremala wa misheni. Alimkaangia karanga, akamkunjia blanketi. Kitanda cha mgeni tu ndicho alichokuwa hajakitandika; alisema bado mapema.

Alhamisi alfajiri mwalimu alivuka Kivukoni. Kesho yake alifika Lupiro, penye njia panda. Kushoto ni Mahenge, na njia inapanda. Kulia ni Malinyi, na njia ni tambarare. Mwalimu aliitazama milima, kisha akavitazama visigino vyake. Hapo akapata wazo lililomfanya acheke peke yake. Katika bonde zima la Kilombero, mtu anayemkwepa mama mkwe atapata wapi nyumba salama kuliko ile ambayo mama mkwe mwenyewe ametoka? Shemeji yake Tadei, aliyekuwa akiishi na mama huyo, alikuwa amemwalika miaka na miaka, naye hakuthubutu kwenda. Akashika njia ya kulia.

Alifika Malinyi Jumanne mchana. Tadei alikuwa shambani na mlango ulikuwa umerudishwa tu, kwa hiyo mwalimu akajikaribisha. Alivua buti. Alivua shati. Alivua na suruali, maana ilikuwa imejaa vumbi, akajifunga khanga aliyoikuta kwenye kamba. Kisha akajilaza kitandani, miguu ukutani, akaanza kuimba. Alijiona ndiye mume mwerevu kuliko wote ng'ambo hii na ile ya mto.

Mlango ukasukumwa. Aliyeingia alikuwa amebeba ungo wa mchele, na kwa kitambo kizima walitazamana machoni. Kisha bibi akajifunika uso kwa ungo, mchele ukamwagika wote, akageuka kuwaelekea kuku wa uani, kwa kuwa mkwe hasemeshwi moja kwa moja.

"Kuku wangu, muulizeni huyo aliyevaa khanga yangu. Huko Ifakara kuna msiba?"

Mwalimu alikuwa tayari uvunguni. "Kuku," alisema kwa sauti ndogo, "mwambieni mama hakuna msiba. Nilijua yuko kwetu. Nilijua ameondoka kwa mtumbwi."

"Mwambieni sijapanda mtumbwi tangu mwaka jana, na safari sina. Nina mpunga wa kupepeta." Bibi alisikiliza kidogo. Majirani walikuwa wameanza kukusanyika uani. "Mwambieni pia avae suruali. Wazee wa kikao wanakuja."

Saa hiyo hiyo kule Ifakara, Aurelia alikuwa kibarazani peke yake, ameinyoosha miguu juu ya kigoda, akimalizia barua ya kupeleka Mahenge: mama amepapenda sana hapa, ameomba akae wiki mbili zaidi.