Sauti Nje ya Deraya

Kazi ya Albert ilikuwa kusimama kama sanamu langoni mwa ngome moja ya Landani, kavaa deraya toka utosini hadi nyayoni, watalii wampige picha. Asiseme, asitikisike.

Basi mama mmoja akaja, akamgonga kifuani, ngo ngo!

“Chuma tupu!” akamwambia mwenzake kwa Kiswahili. “Angekuwa mtu, jua hili lingeshamwivisha kama muhogo!”

Moyo ukamruka Albert. Sauti ile! Dada yake mkubwa, aliyezoea kumwita Yaya, aliyepotezana naye tangu vita vilipoingia Bukavu!

Akakivuta kifuniko cha uso, kimekwama. Glavu za chuma zateleza tu, na dada keshageuka aende zake.

“Yaya!” akanguruma. “Yaya, ni mie, Albert!”

Mama akarudi mbio, akatia vidole kwenye upenyo wa macho, akavuta hadi kifuniko kikafunguka, akauona uso wa mdogo wake.