Chupa Ndani ya Buti

Mkono mmoja mke alishika buti la mvua, mkono wa pili chupa tupu ya soda aliyoichomoa humo. Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa mpaka mwisho.

"Mama, nimemkamata."

"Nifunge mabegi?" mama mkwe akauliza, na furaha yake wala hakuificha.

Mume akakaa juu ya kapu la nguo chafu. Daktari alishamkataza soda, naye akaapa mbele ya familia nzima kwamba kuanzia mwezi wa nne haigusi tena. Mwezi wa tano, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa amenaswa mara ya kwanza na chupa nyingine. Akajitetea kuwa ni ya zamani. Mke akasoma tarehe iliyochapwa shingoni, akakuta imetengenezwa juzi. Hukumu ikatoka palepale: kosa moja zaidi na mama mkwe anahamia kwao, kumlinda asubuhi mpaka jioni. Na huyo mama huhesabu hata vijiko vya sukari vya wageni.

"Mama watoto, hiyo ni ya zamani," mume akasema sasa kwa sauti ya mgonjwa.

"Ulisema hivyohivyo mara ile. Mbona bado inanukia?"

"Buti hilo halipitishi hewa. Kama huamini, isome."

Mke akavaa miwani. Muuza duka ndiye aliyemfundisha: tarakimu mbili za mwanzo ni siku, mbili zinazofuata ni mwezi. Akaisogeza chupa dirishani, akaifuta kwa upindo wa gauni.

"Tarehe nane," akasoma. "Mwezi... wa pili."

Mgongo wa mume ukaanza kunyooka.

"Wa pili kweli?" mama mkwe akauliza. "Soma tena, mwanangu. Wino wa siku hizi hauaminiki."

Akasoma tena. Ni wa pili tu. Mke akaona haya mpaka masikioni. Kumbe anamwonea mume aliyekwisha kubadilika! Hata kule kiwandani anakofanya kazi wamemtoa kwenye kubeba kreti, wamempa kazi nyepesi, siku hizi anarudi na wino vidoleni kama karani. Akamwomba radhi, akaenda kumkaangia mayai. Kwenye simu ilisikika zipu ya begi ikifunguliwa kwa hasira.

Asubuhi mume akaingia kazini akipiga mluzi, akavaa koti lake jeupe, akakaa mbele ya mashine ya kuchapa tarehe kwenye chupa. Kabla hajaiwasha, meneja akamjia kwa kunyata, akatazama nyuma, kisha akachomoa ndani ya koti soda isiyo na chapa yoyote shingoni.

"Fundi," akanong'ona, "hii nichapie ya mwezi wa kwanza. Nyumbani kwangu nako wameanza kusoma."