Korongo Aliyeruka na Bafu Lake

Alikuwepo, na kama hakuwepo basi wenzake wapo, Korongo mmoja aliyepata mali isiyokwisha. Siku hiyohiyo akaapa kwamba hatapiga tena mabawa yake.

"Kujirusha mwenyewe ni umaskini," alisema. Akaajiri kunguru arobaini wambebe angani kwa machela. Machela ikawekwa kitanda, kitanda kikaongezewa bafu, bafu likaongezewa jiko na mpishi wake. Mwisho likatundikwa pazia nene, asije akawaona ndege wanaoruka bure.

Siku ya safari kunguru walivuta, wakapiga mabawa, wapi! Wakaamua kuikokota machela mchangani.

"Tumefika mawinguni?" Korongo akauliza nyuma ya pazia.

"Tumefika, mheshimiwa," akajibu mkubwa wao, akihema.

"Hiyo ndiyo raha ya pesa! Utadhani hujaondoka chini."

Mara Kobe akapiga hodi. "Samahani, bwana mkubwa, umejaza njia. Nipishe, nina haraka."

Korongo akashika kichwa. "Ama kweli dunia imeharibika! Siku hizi hata Kobe anaruka? Kesho niongezeeni bafu la pili, nisije nikafanana na makabwela!"